Lubumbashi: Kuhama nyumba na nyoka wa kufugwa, namna ya kumfikisha salama bila kuhatarisha watu

Kuhama nyumba katika mtaa wa Luano, kaskazini-mashariki mwa mji wa Lubumbashi, kwa kawaida ni kazi ya siku moja. Asubuhi kamionete inafika, vitanda vinafunguliwa, magodoro yanafungwa kamba, sahani zinapangwa ndani ya mabeseni, na jua linapozama kila kitu kiko katika parsela mpya. Mbwa anapanda pamoja na watoto. Kuku wanafungwa miguu. Kasuku anabebwa ndani ya kizimba chake.

Nyoka hana njia rahisi namna hiyo. Hafungwi kamba, hasikii akiitwa, na tundu ndogo kuliko watu wanavyofikiri linamtosha kupita. Akitoka ndani ya gari likiwa mwendoni, dereva anaweza kupoteza usukani. Akitoroka katika nyumba mpya, majirani wasiojua kwamba ni wa kufugwa watamuua kwa fimbo, na si rahisi kuwalaumu. Akifungwa vibaya, anakufa njiani kwa baridi au kwa joto bila kutoa sauti yoyote.

Watu wanaofuga nyoka ni wachache Lubumbashi, kwa sababu jamaa nyingi zinamwona nyoka kuwa adui au alama ya uchawi. Lakini wapo, na mara nyingi mwenyewe hasemi kitu kwa jirani wala kwa bayeri. Siku ya kuhama ndiyo siku ambayo siri hiyo inageuka hatari, maana vijana wa kubeba mizigo wanashika kila kartoni bila kujua kilicho ndani.

Somo la Bandundu

Nchi hii inajua vizuri kile kinachoweza kutokea mnyama akibebwa kwa siri. Tarehe 25 Agosti 2010, ndege ndogo ya aina ya Let L-410 iliyokuwa na watu 21 ilianguka karibu na uwanja wa Bandundu. Watu 20 walikufa. Kufuatana na ushuhuda wa mtu mmoja tu aliyeokoka, uliotangazwa na vyombo vya habari, abiria mmoja alikuwa amemficha mamba mdogo ndani ya mfuko. Mamba alitoka, watu wakashikwa na woga, wakakimbilia wote upande wa mbele, na ndege ikapoteza usawa.

Ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi kueleza ajali yote. Hata hivyo, kila anayesafirisha wanyama anaona mara moja makosa yaliyomo katika habari hiyo: mfuko mtupu bila sanduku gumu, mnyama aliyefichwa, na abiria ambao hawakuambiwa kitu. Makosa hayo matatu yanaweza kutokea pia ndani ya taksi inayotoka Luano kwenda Kampemba, au ndani ya basi la kwenda Likasi au Kolwezi.

Kwanza kumjua mnyama

Nyoka anayefugwa mara nyingi zaidi duniani ni chatu, ambaye watu wengi wa Lubumbashi wanamwita boa. Chatu hana sumu. Anaua windo lake kwa kulizungukia na kulibana. Katika biashara ya kimataifa, anayeuzwa sana ni chatu mdogo anayejikunja kama mpira akiogopa, mwenye asili ya Afrika ya Magharibi mpaka Uganda. Huyu kwa kawaida hapiti sana mita moja na nusu.

Chatu wa porini katika Katanga ni mwingine. Jina lake la sayansi ni Python natalensis, na anaweza kupita mita 4. Anakula panya, kuku, na hata swala wadogo. Aliyekamatwa akiwa mdogo kama kamba ya kiatu atakuwa, baada ya miaka michache, mnyama ambaye mtu mmoja hawezi kumshika peke yake. Kanuni inayofuatwa na wafugaji wengi ni kwamba nyoka akipita mita mbili na nusu, wanaomshika wawe angalau watu wazima wawili.

Nyoka wa nchi hii wamefanyiwa utafiti tangu zamani. Kati ya mwaka 1946 na 1949, Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza msafara wa wataalamu katika mbuga ya Upemba, na walikusanya wanyama wengi wanaotambaa. Mwaka 1990, mtaalamu Mkongomani Chifundera Kusamba, wa kituo cha utafiti cha Lwiro katika Kivu ya Kusini, alitangaza kazi juu ya nyoka wa nchi, wakati ule ikiitwa Zaire, na juu ya namna wanavyouma watu. Kazi za namna hiyo zinakumbusha jambo moja: nyoka wenye sumu na wasio na sumu wanaishi pamoja katika nchi hii, na macho ya mtu asiyefundishwa hayatoshi kuwatofautisha.

Kwa sababu hiyo, mashauri yaliyomo katika makala hii ni ya nyoka asiye na sumu tu. Nyoka mwenye sumu si wa kufugwa nyumbani, wala si wa kusafirishwa na mtu ambaye hakujifunza kazi hiyo.

Makaratasi kabla ya sanduku

Kuhama kutoka Luano kwenda komini nyingine si sawa na kuvuka mpaka. Lakini hata ndani ya mji, anayefuga mnyama wa porini anapaswa kujua anasimama wapi mbele ya sheria. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inayosimamia ulinzi wa mazingira na viumbe vya asili katika Kongo. Kumtoa mnyama wa porini na kumweka nyumbani bila ruhusa kunaweza kumletea mtu matata, hata kama alimnunua sokoni kwa nia njema. Taasisi ya ICCN na ofisi za mazingira za jimbo ndizo za kuulizwa.

Mambo yanakuwa magumu zaidi mtu akitaka kuvuka Kasumbalesa kuingia Zambia, au kupanda ndege katika uwanja wa Luano. Kongo ni mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1976. Chatu wote wako chini ya mkataba huo, na hawa wa Afrika wako katika orodha yake ya pili. Maana yake ni kwamba mwenye nyoka anahitaji kibali cha CITES kutoka kwa nchi anayotoka, cheti cha afya kutoka kwa mganga wa wanyama, na ukaguzi wa huduma ya karantini mpakani. Nchi ya kule anakokwenda inaweza kuomba makaratasi mengine juu ya hayo. Asiye nayo anaweza kunyang'anywa mnyama na kufunguliwa mashtaka.

Kwa safari ya ndege, kampuni zinafuata kitabu cha kanuni za IATA juu ya wanyama hai, ambacho kinarekebishwa kila mwaka. Kampuni nyingi hazikubali nyoka kabini. Anasafiri kama mzigo uliotangazwa, ndani ya sanduku lililotengenezwa kufuatana na kanuni, na kuna kampuni zinazokataa kabisa. Swali hilo linaulizwa wiki nyingi mbele ya safari. Siku ya kuondoka ni kuchelewa.

Lubumbashi ina sababu ya kuchukua jambo hili kwa uzito. Mji huu una kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau kwa ajili ya kupokea sokwe waliokamatwa katika biashara haramu. Mwaka 2021 kituo hicho kilipokea tumbili 25 waliorudishwa kutoka Zimbabwe, ambako walikamatwa mwaka 2020 wakiwa mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Mnyama anayepita bila makaratasi anafungua njia ileile inayotumiwa na watu hao.

Wiki moja mbele ya kuhama

Kosa kubwa la wengi ni kumlisha nyoka mbele ya safari, wakifikiri wanamhurumia. Mwanadamu anakula ndipo asafiri. Nyoka anafanyiwa kinyume. Chakula kinakaa siku nyingi tumboni mwake, na kinahitaji joto ili kiyeyuke. Akitikiswa au akipata baridi wakati huo, anatapika, na kutapika kunaweza kumdhoofisha sana au kumuua. Chatu mdogo anaachwa bila kula angalau siku tano mpaka saba mbele ya kuhama. Chatu mkubwa aliyekula windo kubwa anahitaji muda mrefu zaidi. Njaa ya wiki moja au mbili haimdhuru chatu mzima mwenye afya. Maji lakini aendelee kuyapata mpaka siku ya safari.

Jambo la pili ni kutazama macho yake. Macho yakiwa na ukungu wa rangi ya maziwa, nyoka anakaribia kubadilisha ngozi. Wakati huo haoni vizuri, anaogopa upesi na anaweza kuuma hata mwenyewe anayemfuga. Ikiwezekana, safari yake ingojee siku chache, hata kama vitu vingine vimekwisha kuhamishwa.

Jambo la tatu ni bayeri. Mwenye nyumba mpya anapaswa kujua kabla ya garanti kulipwa. Akikataa baada ya kuhama, jamaa nzima inaweza kujikuta inatafuta nyumba tena ndani ya mwezi mmoja.

Mfuko wa pamba ndani ya sanduku gumu

Njia inayotumiwa na wataalamu ni ya vitu viwili: mfuko wa kitambaa, kisha sanduku gumu. Foronya ya mto iliyoshonwa kwa pamba inafaa vizuri kwa chatu mdogo. Kwanza inageuzwa ndani nje ili kutazama kama hakuna uzi uliokatika wala tundu, maana nyoka anasukuma kwa pua yake mpaka apate pa kutokea. Nyuzi zinazoning'inia zinakatwa, kwa kuwa zinaweza kumzungukia na kumkaba. Gunia la plastiki halifai: linaachana upesi kwenye mshono. Mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ni kifo.

Nyoka akishaingia, mdomo wa mfuko unasokotwa na kufungwa fundo, na fundo likae juu ya mwili wake, si karibu na kichwa. Mfuko mmoja ni wa nyoka mmoja. Wawili katika mfuko mmoja wanaweza kuumizana.

Kisha mfuko unawekwa ndani ya sanduku la mbao au la plastiki ngumu lenye kifuniko cha kufunga. Kartoni peke yake haitoshi, kwa sababu inalainika ikipata maji na inapasuka ikiwekewa mzigo juu. Sanduku linatobolewa matundu madogo ya hewa pembeni. Matundu yatobolewe kutoka ndani kwenda nje, ili ncha kali zisibaki upande wa mnyama. Nafasi inayobaki inajazwa taulo au magazeti yaliyokunjwa, asirushwe huku na huku barabara ikiwa mbaya. Bakuli la maji haliwekwi, litamwagika na kumlowesha.

Mwisho, juu ya sanduku yaandikwe maneno makubwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: mnyama hai, nyoka, asiye na sumu, usifungue, pamoja na namba ya simu. Maandishi hayo yanamlinda kijana wa kubeba mizigo kuliko mtu mwingine yeyote.

Baridi ya mwezi wa saba, joto la mwezi wa kumi

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe kama mbwa au mtu. Mwili wake unafuata hali ya hewa. Chatu anahitaji kubaki kati ya digrii 24 na 30 hivi. Akikaa muda mrefu katika baridi, mapafu yake yanashikwa na ugonjwa. Joto likipita digrii 35 na hana pa kukimbilia, anaweza kufa haraka.

Lubumbashi iko kwenye urefu wa zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, na hali yake ya hewa inadanganya. Wakati wa kiangazi, katika mwezi wa sita na wa saba, usiku na alfajiri baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza, mchana unapita digrii 30, na gari lililofungwa vioo juani linawaka kama tanuru. Kwa hiyo mwezi wa saba nyoka anahamishwa mchana, na mwezi wa kumi anahamishwa asubuhi mapema au jioni.

Wakati wa baridi, chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo inawekwa ndani ya sanduku, lakini nje ya mfuko, upande mmoja tu. Maji yaliyochemka hayatakiwi. Wakati wa joto, sanduku linafunikwa kitambaa cheupe, na halibaki peke yake ndani ya gari hata dakika tano za kununua mkate.

Sanduku halipandi juu ya kamionete pamoja na vitanda, halikai nyuma ya pikipiki, wala halifungiwi kwenye kofa. Linakaa ndani, pahali wanapokaa watu, chini kati ya viti au juu ya kiti likiwa limefungwa mkanda. Dereva anaambiwa mbele ya kupanda. Akikataa, ni haki yake, na inatafutwa gari nyingine. Hakuna anayefungua sanduku njiani, hata kwa kuonyesha rafiki. Katika safari ndefu, kama kilomita 300 hivi za kwenda Kolwezi, ukaguzi unafanywa kwa mkono juu ya sanduku kupima joto, na kwa macho kupitia matundu.

Wa mwisho kutoka, wa kwanza kutulia

Siku ya kuhama, nyoka anatiwa ndani ya sanduku asubuhi, kabla ya vijana wa mizigo kufika, na anafungiwa katika chumba kimoja ambacho hakuna anayeingia. Anatoka wa mwisho. Kwenye nyumba mpya, kizimba chake kinatangulia kupangwa: pahali pa kujificha, bakuli la maji, kifuniko chenye kufuli. Ni vizuri zaidi kizimba kikiwekwa siku moja mbele, ili ijulikane kama joto linakaa sawasawa.

Hapo linakuja tatizo ambalo wakaaji wa Lubumbashi wanalijua: umeme wa SNEL. Taa ya joto bila umeme haina faida. Kwa hiyo mwenye nyoka anaweka tayari chupa za maji ya moto na blanketi la kufunika kizimba usiku. Mbabula haiingizwi ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kumtia nyoka joto. Moshi wa makala usioonekana umekwisha kuua watu waliolala, na hautamwacha mnyama wala watoto wa chumba cha pili.

Baada ya kufika, nyoka anaachwa bila kushikwa kwa siku mbili au zaidi, na analishwa baada ya siku tano mpaka saba hivi. Akikataa kula mara ya kwanza, si ajabu. Akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu au sauti ya kukoroma, aonwe na mganga wa wanyama. Lubumbashi ina kitivo cha udaktari wa wanyama katika chuo kikuu chake, UNILU. Na kila aliyeshika nyoka au sanduku lake anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa nyoka mwenye afya pia anaweza kubeba vijidudu vya salmonela, ambavyo ni hatari zaidi kwa watoto wadogo.

Akitoroka, akiuma

Nyoka akitoweka ndani ya nyumba, milango inafungwa, na nguo zinasukumwa chini yake kuziba nafasi. Anatafutwa kwanza karibu na vitu vyenye joto, kama nyuma ya friji, kisha ndani ya viatu, chini ya magodoro na ndani ya kartoni ambazo hazijafunguliwa. Unga kidogo ukimwagwa sakafuni karibu na kuta usiku, asubuhi unaonyesha alipopita. Majirani waambiwe mara moja. Kuficha kunamweka nyoka katika hatari kubwa zaidi, na kunawatia watoto wa jirani hofu isiyo na sababu.

Chatu akiuma, kidonda kinaoshwa kwa maji mengi na sabuni, kisha mtu anaenda hospitali kuuliza juu ya chanjo ya pepopunda.

Lakini kuna nyoka mwingine ambaye siku ya kuhama inamkuta bila kutafutwa. Katika parsela za Luano, kama katika mitaa mingine ya pembeni ya mji, matofali, mbao na mabati ya zamani yanakaa miezi mingi pahali pamoja, na panya wanajenga humo. Panya wanaleta nyoka. Katanga ina nyoka mfupi na mnene anayeitwa kwa Kifaransa vipère heurtante, ina fira wanaotema sumu, na ina mamba mweusi. Anayeinua mbao hizo avae viatu vilivyofunikwa, atumie fimbo au chuma kugeuza mzigo wa kwanza, na asitie mkono pahali asipoona.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka duniani, na kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa. Mwaka 2017 liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Mtu akiumwa na nyoka asiyejulikana, anatulizwa, pete na viatu vinavuliwa, kiungo kinawekwa kisitikisike, na anapelekwa hospitali bila kupoteza wakati. Kidonda hakikatwi kwa wembe, hakinyonywi, na mguu haufungwi kamba ya kukaza. Jiwe jeusi ambalo watu wengi wanaliweka juu ya kidonda haliondoi sumu, na saa moja ya kungojea jiwe lifanye kazi inaweza kuwa saa ambayo mgonjwa aliihitaji.

Kwa anayefuga chatu, hesabu ya mwisho inafanywa mbele ya kuita kamionete. Kama sanduku halipo, kama makaratasi hayapo, kama bayeri mpya amekataa, nyoka hapelekwi porini Luano kuachwa usiku. Chatu aliyetoka Afrika ya Magharibi hajui pori hili, na aliyezoea watu atarudi kwenye nyumba za watu. Njia iliyo sawa ni kwenda kuuliza ofisi ya ICCN au mganga wa wanyama mapema, wakati bado kuna wiki chache za kutafuta suluhisho.